Jibu Lililoachwa Ubaoni

Mwenye kipindi hiki cha redio aliniomba nije nikusimulieni habari za safari yangu ya kwanza ya kwenda kusoma Japani, nami nikakubali upesi kuliko ilivyopasa, kwa kuwa mtu aliyesafiri mbali huwa na njaa ya kuulizwa. Lakini nilipoketi jana usiku na kalamu mkononi, nikaona kwamba mengi niliyozoea kuyasimulia barazani, kama vile treni zao ziendazo kasi na vyoo vyao vyenye vitufe kama vya redio, hayana uzito mkubwa, na kwamba lililonigeuzia kazi yangu ni jambo dogo lililotendeka katika darasa la watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja, kwa muda wa dakika 45, juu ya ubao.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari, mzaliwa wa Mombasa. Mwaka 1998 ulianza kwetu Kenya mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, ambao walimu waliujua kwa jina la SMASSE, ukisaidiwa na Japani kwa njia ya shirika lake la JICA. Na katika mradi huo baadhi ya walimu walipelekwa huko wakaone kwa macho yale waliyokuwa wakielezwa kwa maneno. Miaka michache baadaye jina langu likatokea katika orodha. Nilipokwenda kumuaga mama yangu, alifungua sanduku lake akatoa kanga kuukuu iliyofifia rangi, akaniambia kwamba kanga ile alinunuliwa siku ya arusi yake nayo ilipigwa chapa Japani. Na ni kweli, kwani zama zile kanga nyingi zilizovaliwa kutoka Lamu hadi Unguja zilikuwa zikitoka huko. Akaniambia, “Nenda ukatuonee watu walioandika Kiswahili wasichokijua.”

Njia tulishika ya Dubai, na baada ya usiku mrefu angani tukashuka uwanja wa Kansai, karibu na mji wa Osaka, uwanja uliojengwa juu ya kisiwa kilichofanywa kwa mikono ya watu na kufunguliwa mwaka 1994. Pale ndipo nilipopata ajabu yangu ya kwanza, nayo haikuwa ya Wajapani bali ya saa yangu ya mkononi. Nilikuwa nimesahau kuigeuza, mshale wake mfupi uko juu ya 11 kama ulivyokuwa Mombasa kabla ya adhuhuri; nikatazama saa ya ukutani, ikasema ni 17. Nikafadhaika kidogo, kisha nikacheka peke yangu, maana saa 17 ya kizungu ni saa kumi na moja ya jioni kwa hesabu yetu sisi Waswahili! Japani imetutangulia kwa saa sita kamili, nasi huhesabu saa zetu nyuma ya Wazungu kwa sita hizo hizo, kwa hiyo saa isiyogeuzwa ya mtu wa Mombasa, akiisoma kwa Kiswahili, humwambia saa ya Japani bila ya kukosea. Sikuigeuza mpaka niliporudi. Baadaye nikaambiwa kwamba wao wenyewe, kabla ya mwaka 1873 walipofuata hesabu ya Magharibi, walikuwa wakiuanza mchana kwa mapambazuko na usiku kwa machweo, na kila kimoja wakikigawa mafungu sita.

Lugha yao nayo haikunitisha kama nilivyohofu. Irabu zao ni tano kama zetu, na maneno yao aghalabu humalizikia kwa irabu, hata ukiwasikia kwa mbali huenda ukadhani ni watu wa visiwani wakisemezana. Wakisema “hai” wana maana ya naam. “Mimi” kwao ni sikio. “Nani” ni kuuliza kitu gani, wala si mtu gani. Liko pia jina la mnyama mmoja wa mwituni, dubu, ambalo kwa Kijapani adabu ya redio hainiruhusu kulitamka, na liko jina la mji mkubwa lililoanzia hapo hapo. Wakinitajia nilikuwa nikiangalia chini. Lakini neno lililonikaa moyoni ni “sensei”, wanaloliitia mwalimu, ambalo huandikwa kwa alama mbili, moja ya mbele na moja ya kuzaliwa, yaani mtu aliyetangulia kuzaliwa. Halidai kwamba anajua kila kitu.

Makao yetu yalikuwa Saijo, penye Chuo Kikuu cha Hiroshima, mji mdogo wenye mabomba marefu ya moshi ya matofali, ambayo mtu mwema aliniambia ni ya viwanda vya pombe ya mchele, nami nikashukuru kuambiwa mapema. Siku zile zilikuwa za majani kugeuka mekundu, na baridi ilikuwa inaanza kuuma masikio. Kula nilikula wali na samaki, kama mtu wa Pwani anavyostahili. Kuswali ilinibidi kujifunza upya pa kuelekea, maana kwetu Mombasa kibla ni kaskazini barabara, na kule ni upande wa machweo, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini. Ijumaa moja ya likizo nilifunga safari mpaka Kobe kuuona msikiti uliofunguliwa mwaka 1935, msikiti wa kwanza katika Japani, uliosalia umesimama baada ya mabomu ya vita kuuteketeza mji mwaka 1945, ukasimama tena katika zilizala kubwa ya mwaka 1995.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye habari. Nilikwenda Japani nikitarajia kuonyeshwa mitambo. Nilikuwa na daftari jipya nililolitenga kwa ajili ya kuandika majina ya vyombo vya maabara, na nilikwisha kuandika kurasa za mwanzo maombi nitakayoyapeleka kwa mkuu wa shule yetu nikirudi. Siku ya nne tukaambiwa twende tukaangalie somo katika shule ya msingi. Wallahi nilikasirika, ingawa nilificha. Mimi niliyekuwa nikifundisha watoto wa kidato cha nne milinganyo ya kipeo cha pili, nimevuka bahari ili nikaangalie watoto wadogo wakifundishwa maumbo? Mwenzangu mmoja kutoka bara alininong’oneza kwamba labda wametudhania hatujui kitu.

Tulipofika mlangoni ilitupasa kuvua viatu na kuvaa kandambili za ndani, jambo ambalo kwa mtu wa Pwani si geni. Ila soksi yangu ya kulia ilikuwa imetoboka penye kidole gumba, na mkuu wa shule ile, mzee mwenye taadhima nyingi, aliinama kunisalimia akakutana na kidole changu ana kwa ana. Habari za watoto kusafisha madarasa yao nadhani nyote mmekwisha kuzisikia, na sisi pia tulifagia shule zetu, tena kwa fagio za makuti. Tofauti niliyoiona ni kwamba kwao mwalimu naye alipiga magoti na tambara mkononi.

Darasani tulikuta walimu zaidi ya thelathini wamekwisha kusimama kuta zote tatu, wengine wametoka shule za mbali, kila mmoja na karatasi zake. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, aliingia. Mtoto wa zamu akawaamuru wenziwe wasimame, wainame, waketi. Kisha mama yule akachora ubaoni umbo moja tu, msambamba, akaandika kitako chake sentimita 6 na ubavu wake wa mshazari sentimita 5, asiandike kimo. Akauliza eneo lake ni ngapi. Watoto wale eneo la mstatili walikwisha kulisoma. La msambamba walikuwa hawajalifundishwa hata kidogo. Akawagawia karatasi zenye umbo lile juu ya miraba ya sentimita moja moja, akawaacha.

Dakika kama kumi hakufundisha neno. Alizunguka kati ya madawati na ramani ndogo ya viti vya watoto, akitazama kila karatasi na kuandika jambo mbele ya kila jina, asimsahihishe yeyote. Mimi nilikuwa nikisema moyoni kwamba hii ndiyo kazi rahisi kuliko zote duniani. Kisha akamwita mvulana mmoja aje ubaoni aeleze, na mvulana akaeleza kwa ujasiri kwamba eneo la mstatili ni upande mara upande, kwa hiyo hili ni 6 mara 5, nalo ni 30.

Mimi, wasikilizaji, mkono wangu ulitaka kwenda kwenye kifutio. Mama yule akaandika 30 kwa chaki, kubwa na safi, akaandika na njia ya mtoto, na chini yake akaandika jina lake. Akauliza nani mwingine aliyefikiri hivyo. Mikono kama saba ikainuka. Hakuna aliyecheka. Ndipo akamwita msichana aliyekata pembetatu upande wa kushoto wa umbo akaihamishia kulia, msambamba ukageuka mstatili wa 6 kwa 4. Na mwingine aliyehesabu miraba mmoja mmoja. Wote wawili walipata 24. Namba mbili zikawa zinatazamana ubaoni, 30 na 24, naye hakusema ipi ya kweli. Aliuliza swali moja tu, “Thelathini imetoka wapi?”

Kukawa kimya. Nilitazama saa yangu ya Kiswahili, karibu dakika nzima ikapita, na katika dakika ile sikumwona mwalimu akihangaika. Kisha akatoa chini ya meza fremu ya vipande vinne vya ubao mwembamba vilivyounganishwa pembeni kwa misumari ili viweze kucheza, akaisimamisha wima kama mstatili, akamkabidhi mvulana yule yule. Mvulana akaisukuma kidogo, ikalala. Akaisukuma zaidi, ikalala zaidi, mpaka vipande vya juu na vya chini vikakaribia kugusana na nafasi ya ndani ikawa si kitu, ilhali urefu wa kila upande haujapungua hata unywele. Akaitazama. Akairudisha wima. Mkalimani wetu alinitafsiria alilosema: thelathini yake haikuwa uongo, ilikuwa ni eneo la umbo lile kabla halijalazwa.

Nimefundisha hisabati miaka mingi, na nakiri mbele yenu kwamba sikupata kufikiri kwamba jibu la makosa laweza kuwa ni jibu sahihi la swali jingine.

Kengele ilipolia nikautazama ubao. Kwa lugha yao huitwa ubao mweusi ingawa rangi yake ni kijani, na namna ya kuupanga wameifanya ni ilimu yenye jina lake, “bansho”, kwani mwalimu huupanga tangu nyumbani kama mtu anavyopanga ukurasa. Kushoto palikuwa na swali. Kisha 30 na jina la mwenyewe. Kisha 24 na njia zake mbili. Na kulia kabisa maneno ya kumalizia, nayo yalikuwa maneno ya watoto. Hakuna kilichofutwa.

Nilidhani tumekwisha, kumbe ndiyo kwanza tumeanza. Watoto walikwenda zao, walimu wakaketi katika vile viti vidogo, magoti yamepanda, na kikao kikachukua karibu saa mbili. Hili ndilo wanaloliita “jugyo kenkyu”, yaani utafiti wa somo, desturi waliyo nayo tangu karne ya kumi na tisa. Mwenye somo alisema kwanza, naye alijilaumu mwenyewe. Kisha wengine: kwa nini umechagua 5 na 6? Kwa nini fremu ilikaa mikononi mwako kabla ya kuwa mikononi mwa mtoto? Mzee mmoja alidai kwamba kile kimya cha dakika moja kilikuwa kifupi. Na kijana mmoja, mwalimu mgeni katika kazi, akasimama akasema kwamba yeye somo zima alimtazama msichana mmoja tu, wa safu ya nyuma karibu na dirisha. Kwamba msichana yule aliandika 24 mapema kuliko wote, akasikia 30 inasomwa kwa sauti, akafuta 24 yake akaandika 30, na tangu hapo hakuinua kichwa. Mama mwenye somo akachukua kalamu akaliandika hilo. Hakujitetea.

Nakumbuka nilipokuwa mtoto nilipelekwa ubaoni nikaandika jibu la makosa, mwalimu akalifuta kwa kiganja kabla sijaweka chaki chini, nikarudi kitini na darasa likicheka. Nilipokuwa mwalimu mimi mwenyewe niliapa kwamba sitamwacha mtoto achekwe, kwa hiyo nikawa nikiyafuta makosa upesi upesi, kabla wengine hawajayaona, nikidhani ni huruma. Ama kuhusu kuangaliwa, mtu wa mwisho kuketi nyuma ya darasa langu alikuwa mkaguzi, aliyejaza fomu, akaikunja, akatoka bila ya kuniambia neno.

Wala msidhani nimekuja kuwasifu Wajapani kana kwamba ni malaika. Jioni niliwaona watoto wa shule wakitoka katika masomo ya ziada ya kulipia, wanayoyaita “juku”, usiku umekwisha kuingia na macho yao mekundu, kwa sababu ya mitihani ya kuingilia shule za juu. Na katika madarasa ya sekondari niliyoyatembelea mwalimu alisema peke yake tangu mwanzo hata mwisho, kama mimi tu. Aidha, ubao na chaki si vya asili yao. Mwezi wa Desemba mwaka 1871 serikali yao ilituma ujumbe mkubwa, chini ya Iwakura Tomomi, uzunguke Marekani na Ulaya kwa karibu miaka miwili ukitazama shule, viwanda na mahakama. Na mwaka uliofuata, ndio ule ule waliotunga sheria yao ya kwanza ya elimu kwa watu wote, wakamwajiri Mmarekani mmoja, Marion Scott, awafundishe walimu wao mjini Tokyo namna ya kufundisha darasa zima kwa pamoja, maana hapo kwanza kila mtoto alisomeshwa peke yake, kama katika vyuo vyetu vya Kurani. Katika meli ya ujumbe ule walikuwamo wasichana watano, na mdogo wao, Tsuda Umeko, alikuwa na umri wa miaka sita. Alikaa Marekani miaka kumi na mmoja, akarudi amesahau lugha ya mama yake, na mwaka 1900 akafungua shule ya wanawake. Nikilinganisha na majuma yangu manne, naona haya kuiita yangu safari.

Kabla ya kuondoka walitupeleka Hiroshima mjini. Sitaeleza yote, bomu liliangushwa tarehe 6 Agosti 1945, saa mbili na robo asubuhi, na mengine mnayajua. Lakini iko shule ya msingi ya Fukuromachi, takriban mita 460 kutoka mahali lilipolipukia juu yake, ambayo jengo lake moja la zege lilisalia, ndani yake likawa jeusi kwa masizi. Majeruhi waliletwa humo, na watu wakaja kuwatafuta jamaa zao, wakakosa karatasi. Basi wakaokota chaki za shule wakaandika juu ya kuta zile nyeusi, fulani yu wapi, fulani tumemhamishia mahali fulani. Baadaye kuta zilipakwa lipu, shule ikaendelea, watoto wakasoma humo zaidi ya miaka hamsini. Na lilipotaka kuvunjwa jengo lile, chini ya lipu na nyuma ya mbao za kuandikia maandishi yakaonekana. Sehemu ya jengo wameihifadhi. Nilisimama pale na walimu wenzangu, na yule mwenzangu wa bara aliyekuwa na mzaha siku zote alivua kofia yake akaishika kifuani.

Niliporudi Mombasa, lile daftari la vyombo vya maabara lilikuwa na kurasa nyingi tupu. Juma la kwanza nilimwomba mwalimu wa fizikia aje aketi nyuma ya darasa langu. Akaniuliza nimefanya kosa gani hata nitake shahidi. Nikambembeleza, akaja, nikamwomba amwangalie mwanafunzi mmoja tu, kijana mtulivu wa safu ya pili ambaye nilimhesabu miongoni mwa wazuri. Baada ya somo akaniambia kwamba kijana yule aliyanakili yote niliyoandika, kwa hati ya kupendeza, na kwamba tangu mstari wa pili hakuwa akifahamu lolote. Nilikuwa nimemfundisha kijana yule miaka miwili. Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake mwalimu wa fizikia akanijia yeye mwenyewe, akasema, “Haya, zamu yangu. Njoo.”

Tangu wakati huo tunaitana kila Alhamisi, na sasa tumekuwa watano. Chai hununua aliyeangaliwa. Mwalimu mwenzangu unayenisikiliza, uliko kokote, sikuombi fedha wala mitambo: mwite mwenzako siku moja tu aketi nyuma ya darasa lako, na umwambie asikutazame wewe, atazame watoto.